Kahindi Wawili wa Tezo

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Njia ya Gede matope matupu, nimefika kliniki viatu mkononi. Chai, mahamri mawili, kompyuta.

Leo nimesafisha rejista. Watoto wetu wa selimundu wote wamo katika hifadhidata moja iliyo mbali huko mtandaoni, kwenye wingu kama wanavyoliita, na ilikuwa imejaa majina yaliyoandikwa mara mbili. Mtoto kaandikwa alipokuja na mama, kaandikwa tena alipokuja na bibi. Nimetunga amri: jina sawa, simu sawa, kijiji sawa, mwaka wa kuzaliwa sawa, basi huyo ni mtoto mmoja. Bakisha kumbukumbu ya karibuni, futa ya zamani. Nikaituma saa nne. Ikapita bila kuteta.

Dakta Tsofa, mkuu wetu, kasema ahsante. Ahsante yake haiji kila siku. Nimerudi Malindi kifua mbele.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefua. Mama kaniuliza mbona naimba.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kaja mama mmoja wa Tezo, Sidi, na mwanawe Kahindi Charo, wa miaka minne. Muuguzi Kache akafungua kumbukumbu, akasoma, akatoa penisilini, ile wanayopewa watoto wetu kila siku kuwakinga na maradhi. Sidi akairudisha mezani.

"Sista, hii ndiyo ilomvimbisha mwanangu uso hata akakosa pumzi. Mliandika nyinyi wenyewe. Kwani mumesahau?"

Hatukusahau. Mimi nimefuta.

Kache akaniita. Nikambishia. Kahindi Charo wa Tezo ni mmoja, nimemhakiki mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayeota. Kumbe wako wawili: baba yao, Charo, ana wake wawili. Kila mke, mwanawe wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. "Zuhura, kila nyumba ina Kahindi wake," kasema. Boma moja, simu moja ya baba, mwaka mmoja. Tofauti ni mama, na jina la mama amri yangu haikuliangalia. Wa Sidi penisilini haipatani naye, hupewa dawa nyingine. Wa Dama, mke mdogo, anaimeza kila siku na yu mzima. Nimebakisha wa Dama. Onyo la wa Sidi limekwenda.

Nimezaliwa Malindi, nimelelewa Malindi, Wagiriama majirani zangu tangu utoto. Sikuuliza mtu. Nimejichukia leo.

Nilikwenda kwa Dakta Tsofa moja kwa moja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kauliza wangapi wengine. Sijui. Waliofutwa siwaoni. Wa Sidi mama yake alikuwapo akasema. Wengine nani atawasemea? Ijumaa asubuhi pikipiki zinapeleka dawa za mwezi kwenye zahanati za ndani, kila pakiti na jina la mtoto, kwa kufuata rejista. Kuzichelewesha hataki, maana mtoto wa selimundu bila dawa naye yuko hatarini. Na huko pakiti huchukuliwa na yeyote aliyekuja: shangazi, bibi, jirani.

Kache kaanza kupiga simu. Nyingi ni za akina baba walio kazini Mombasa. Hawajui mtoto anakunywa nini.

Jumanne, 13 Mei

Nimesoma maelekezo mpaka macho yakauma. Wingu linakumbuka siku saba za nyuma. Unaweza kuliambia: nipe hifadhidata kama ilivyokuwa saa fulani. Baada ya siku saba linasahau. Yaani Ijumaa hii, saa nne.

Kurudisha yote nyuma sitaki. Watoto wote tuliowaona tangu siku ile watapotea, na hilo litakuwa kosa la pili. Ninachotaka ni kloni: hifadhidata ya pili, pembeni, kama ilivyokuwa kabla sijaigusa. Kisha nizilinganishe mbili hizo, mtoto kwa mtoto.

Ukurasa wenye vitufe haufunguki kwa mtandao wetu. Kuna njia nyingine, dirisha jeusi la amri. Hakuna picha, hakuna kitufe. Unaandika sentensi, wingu linatii au linakataa. Limekataa. Sina ruhusa.

Ruhusa anayo Mutiso, mhandisi aliyetujengea mfumo, ambaye siku hizi ana kazi nyingine Nairobi. Nimempigia mpaka akapokea. Kasema nisiguse kitu, atashuka juma lijalo. Nikamwambia juma lijalo wingu litakuwa limesahau na dawa zitakuwa zimemezwa. Mwisho kasema atanipa ruhusa ya kutengeneza kloni tu, ya kufuta atanivua. Anivue. Sina haja nayo.

Jumatano, 14 Mei

Ruhusa imefika. Umeme umekwenda. Mvua imeangusha nguzo, na betri ya kompyuta ilikwisha kufa jana.

Siendi nyumbani.

Fundi wa kuchomelea pale stendi ana jenereta. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mageti ya watu, kompyuta mapajani, simu nimeining'iniza juu ya msumari ipate mtandao. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Inataka jina la hifadhidata ya asili, jina la mpya, na saa. Nimeandika dakika tano kabla ya saa nne ya Ijumaa ile. Wingu likasema linafanya kazi. Nikasubiri, cheche zikirukaruka, mpaka adhana ya adhuhuri. Kloni ikawa tayari.

Nikaifungua. Nikatafuta Kahindi Charo wa Tezo. Mmoja.

Nikatafuta tena. Mmoja.

Nililia pale pale, sikujali nani ananiona. Fundi akazima jenereta, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeamka na hasira. Bora hasira, inafanya kazi.

Nimeipitia ile amri neno kwa neno, na kosa nimeliona chai ikiwa mdomoni. Saa. Mimi nasema saa nne, kompyuta yangu inasema kumi, wingu linasema saba, kwani lenyewe linakwenda kwa saa za dunia na sisi tuko mbele yake kwa masaa matatu. Nililiomba hifadhidata ya mchana wa Ijumaa, nilipokwisha kuharibu. Likanipa nilichoomba. Nimelitukana jana bure.

Umeme umerudi. Nimeketi kliniki, nimeandika amri upya, saa nimeipunguza masaa matatu, nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Bismillahi. Mtandao ukakatika katikati. Nikarudia, wingu likaniambia jina hilo limeshatumika. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe amri ya kwanza ilikuwa imefika salama, na wingu lilikuwa linaendelea na kazi yake huko huko bila kunisubiri.

Nikatafuta Kahindi Charo wa Tezo.

Wawili. Wa Sidi, na onyo lake kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI. Wa Dama chini yake. Nilipiga ukelele hadi Kache akaja mbio na glavu mkononi. Kasoma, kanipiga bega, na bado linauma.

Kazi ikaanza hapo. Nikaweka rejista mbili ubavu kwa ubavu, Kache akavuta kiti. Wengi wa niliowafuta kweli walikuwa mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Si wote. Kache anasoma jina, anafumba macho, anataja boma, anataja mama. Pale asipojua anapiga simu, mara hii anamwomba baba namba ya mama, aongee naye. Kadzo wawili, binti za baba mmoja. Mmoja damu aliyowahi kuongezwa ilimkataa vibaya. Hilo nalo lilikuwa limefutika. Angeongezwa tena damu kwa kumbukumbu za dada yake.

Nimewarudisha mmoja mmoja, kwa mkono. Ningeweza kutunga amri ya kuwarudisha wote kwa mpigo. Sikutaka. Kila mtoto nimesoma jina lake kwa sauti kabla ya kuandika, na Kache akaitikia ndiye. Dakta Tsofa kapita, kasimama nyuma yetu kitambo, kaenda. Baadaye kaleta viazi karai na ukwaju. Nimekula kama sijaona chakula tangu Jumatatu. Huenda sijaona.

Ijumaa iliyopita nililala nikijiona fundi. Leo nalala nimechoka, sijioni kitu, na ni afadhali hivi.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imeacha. Pakiti zimetoka asubuhi. Nilisimama mlangoni nikisoma kila lebo kabla haijaingia mfukoni mwa pikipiki. Jina la mtoto, la baba, na sasa la mama. Waendesha pikipiki walinung'unika, nikawaacha wanung'unike. Dakta Tsofa hakusema ahsante. Kasema nisimfute tena mtoto yeyote Kache asipokuwapo. Nimekubali bila neno.

Saa nne ikapita. Wingu limesahau.

Adhuhuri Sidi na Dama wamekuja pamoja, kila mmoja na wake. Tuliwaita tuhakikishe dawa. Nikaona nisijifiche nyuma ya kompyuta, nikawaeleza mwenyewe nilichofanya. Dama kacheka, kasema hata baba yao huwachanganya. Sidi hakucheka. Kaniuliza kama wake ndiye aliyefutwa. Nikamwambia ndiye, na nikamwomba radhi. Akamvuta mwanawe, akampangusa makombo ya kaimati mdomoni, akampangusa tena pasipo na makombo. Kisha akasema haya, imekwisha, nisirudie.

Wakakaa kwenye benchi kungoja. Wavulana wakawa wanagombea upande wa dirishani, kimya kimya, kwa viwiko. Nikarudi mezani kwangu nikafungua rejista.

Kache akatoka na faili mbili, akaita: "Kahindi Charo!"

Wakainuka wote wawili.