Georges mu Kitabu ya Nyota

Siku ya Mungu, 8 juin 2025

Kisha misa, ku Papa Damas, kama kawaida. Baridi! Tulikaa inje mu lupango, ku jua: minye, yeye na Papa Georges. Papa Damas zamani alitumika mu laboratoire ya usine. Sasa ni pensionné, na anaandika mu cahier ya masomo kitabu ya bantu ya Likasi benye banaenda kukaa ku nyota. Leo alitusomea chapitre ya tano. Bantu ya mu kitabu iko na majina yetu, ya hapa quartier. Anasema ni sawa na kuitisha mutoto: muntu unamupenda, njo unapatia mutoto majina yake. Sasa bamama banamusimamisha ku njia: "Na minye, Papa, utaniingiza lini?"

Georges njo chauffeur ya chombo. Juu mu maisha ya kweli ni chauffeur ya camion ya kuenda Kambove! Lakini leo hakufurahi. Aliuliza kule mu chombo bantu banakula nini. Damas: vidonge. Yoo! Alikasirika kabisa. "Vidonge? Miaka makumi mbili mu njia, na bukari hakuna? Minye nasimamisha chombo yako, nashuka!" Damas akamueleza kule juu kitu haiko na uzito, unga ya bukari itaruka, mayi itaruka. Georges: "Basi muke yangu Claire atashikilia sufuria, na minye nitashikilia Claire." Tulicheka mpaka machozi. Damas anasema uongo ya kitabu iko na sheria yake, haifai kuivunja. Lakini bukari aliiandika.

Siku ya Mungu, 15 juin

Georges hakukuya, anakohoa. Tulikuwa babili tu, na tulibishana. Nilimuambia Papa Damas: kitabu yako ni tamu, lakini hakuna muntu anakufa. Bantu banaenda mbali vile, na hata kilio moja hakuna? Ni hadithi ya batoto. Ua mumoja.

Alinisukumia cahier. Akasema hawezi kuchagua, bote ni bake. Akanipa kalamu: chagua weye. Nikaandika ku kando ya karatasi: GEORGES. Juu kama chauffeur anakufa, bote banaogopa, kitabu inapata nguvu. Nilijiona mwenye akili sana! Papa Damas aliangalia ile majina wakati murefu. Ni vizuri, akasema. Ni vizuri lakini inauma.

Siku ya Mungu, 22 juin

Chapitre ya saba. Pumzi inapunguka mu chombo, Georges anawachia batoto sehemu yake. Anakufa mikono ku volant ya chombo.

Georges mwenyewe alikuwa hapo, écharpe ya bibi yake ku shingo. Alipiga mikono! "Vieux, umeniua muzuri. Na ku kilio yangu batakula nini, vidonge?" Claire, bibi yake, alikuwa amemuletea dawa. Yeye hakucheka. Majina ya muntu haichezewi, akasema, akamuinua bakaenda. Ku mulango Georges alikohoa tena, akasimama kwanza.

Kazi mbili, 1 juillet

Georges amekufa. Leo asubuhi, mu njia ya hôpital. Alikosa pumzi.

Pumzi!

Kazi tatu, 2 juillet

Ku kilio. Nilipika na bamama. Kila mara mumoja ananiuliza pole pole: weye ulikuwa unasoma ile kitabu yao, ni kweli vile banasema?

Kazi tano, 4 juillet

Tulimuzika jana. Leo famille yake ilikaa mu kikao. Hénoc, ndugu mudogo ya Georges, alisimama: lufu ya kaka yake iliandikwa mbele, siku tisa mbele, na ni pumzi vile vile. Baliita Papa Damas, bakamukalisha ku kiti, katikati ya bantu. Masikini, alijaribu kueleza roman ni nini, hadithi ya kutunga tu. Muntu mumoja akapiga kelele: mulozi! Papa Damas akasema hata yeye mwenyewe iko ndani ya ile chombo. Hénoc: "Lakini weye haukufa."

Kisha ulizo: nani alichagua Georges?

Nilikuwa nakaa ku mukeka, kati ya bamama. Papa Damas hakuniangalia hata kidogo. "Ni minye. Kitabu ni yangu."

Na minye niliangalia miguu yangu. Sandales ya bluu. Nilifungua kinywa, Mungu anajua nilifungua — nikafunga. Bamemupatia siku tatu, mpaka kazi moja, atoke mu quartier. Iko na miaka makumi saba na mbili.

Siku ya posho, 5 juillet

Papa Damas aliniletea cahier yake mu sachet. Ku kwake batakuya kuichoma, anasema. "Unichungie, binti yangu."

Nilifungua. Iko pale, ku kando: GEORGES. Mwandiko yangu. Quartier yote inaijua, juu minye njo naandikaka ma-invitation ya ndoa. Maharagi ilikuwa ku mbabula, makala inawaka. Nilianza kuchoma ile karatasi moja. Kisha nikaogopa zingine. Cahier nzima.

Maharagi iliiva. Sikuikula.

Kazi moja, 7 juillet

Papa Damas ameenda Kapolowe, ku dada yake. Kitanda, radio, kuku mbili mu kitunga. Hakuna muntu alitoka kumulaga, minye tu. Akaniuliza: cahier iko muzuri? Nikasema iko muzuri, Papa.

Kazi tatu, 9 juillet

Mama Claire, mujane ya Georges, iko ku salon yangu. Sasa hivi. Naandika mu chumba, mulango imefungwa.

Alipoingia na nguo yake nyeusi nilifikiri: amejua. Hapana. Alinishika mikono. Papa Damas alimuambia, mbele ya kuenda, cahier iko na minye. Hénoc asijue. Karatasi ya lufu haitaki, anasema. Anataka fasi Georges anakataa vidonge. Juu ile siku alirudia nyumbani anaongea ile tu, juma nzima, ku meza: weye Claire utashikilia sufuria! Ku téléphone ya Mama Claire sauti ya bwana yake hakuna, hata moja. Picha tu. "Unipatie ile karatasi, niende nayo. Nitaiweka mu Biblia."

Nikasema: ngoja, mama, nitafute.

Nitafute nini? Majivu nilimwanga ku mboga, mu lengalenga.

Nilishika karatasi safi, nikaandika mistari mbili. Haiko Georges. Ni minye nasema mu kinywa yake. Nikapasula.

Kisha nikarudi nyuma hapa, mu cahier hii yangu. 8 juin. Yote iko! Bukari, sufuria, nitashikilia Claire. Vile alisema mwenyewe, neno ku neno. Naweza kukopia, lakini ataniuliza: na cahier ya Papa Damas iko wapi? Nilishika ile karatasi yenyewe, na tarehe yake, niitoe yote mu cahier yangu. Nikaigeuza.

Ku mugongo yake ni 15 juin. *Ua mumoja.*

Mama Claire anajua kusoma.

Ananiita. "Colette! Umeipata?"

Nimejibu: nimeipata, mama. Nasikia kiti, anasimama.