Mkunga wa Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemkataa shemeji.

Si yeye – mshono wake. Lakini karakana nzima imelisikia hivyo. Nyumbani pia.

Hili daraja la waenda kwa miguu, la kuvusha watu mbele ya hospitali, lina vipande viwili. Cha kwanza kilishaondoka, kimeshapandishwa juu ya nguzo, hata ngazi zimefungwa. Cha pili kiko sakafuni kwetu, bado kinachomelewa. Mimi ndiye mkaguzi. Napaka jeli juu ya mshono, napitisha mashine, sauti inaingia ndani ya chuma na skrini inasema kama chuma na chuma vimeshikana au la. Mafundi wananiita Mkunga. Kila siku kuna anayeuliza ni wa kike au wa kiume. Kila siku wanacheka.

Shemeji – mume wa dada yangu – wanamwita Hariri. Mshono wake laini hivyo. Leo nilimpima kwa bahati tu: kiungo nilichokikusudia kilikuwa kimezibwa na mitungi ya gesi. Nikapima cha jirani, chake. Chini ya hariri kuna mwanya. Chuma na chuma vimelala pamoja bila kushikana – kama ndoa fulani ninazozijua. Nikazungushia chaki nyekundu, nikaandika KATA. Watu wakaacha kazi. Grenda ya kusagia chuma tu ndiyo iliyoendelea, kwa sababu anayeishika hasikii.

Tatizo ni kwamba naishi kwake. Chumba kimoja na mapacha wake. Jioni dada alipakua. Sahani yangu ilikuwa mchuzi mtupu. Nikala hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Kiungo kingine cha Hariri. KATA.

Msimamizi alikuja mwenyewe. Tunamwita Leoleo, maana kila kazi anaitaka leo leo. Akapitisha kidole juu ya mshono, akasema mbona mzuri. Nikasema mzuri sana. Akasema basi. Nikasema basi ukatwe.

Akauliza nani ataingia humo ndani ya chuma kuchungulia. Nikamwambia hakuna. Ndiyo maana nimeajiriwa.

Hariri alikata mwenyewe. Hakubishana. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi – fundi asiyebishana na mkaguzi ana jambo.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi, chai. Shemeji anamimina. Birika limeelekea pembeni ya kikombe. Dada, huku anamfunga mmoja wa mapacha kamba za viatu, akasogeza kikombe chini ya mdomo wa birika. Hakutazama. Hakusema kitu. Chai ikaingia.

Wamezoea.

Sikumaliza chai yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada alikuwa anaanika nguo. Nikashika upande wa pili wa shuka. Nikamuuliza Baba Pacha anaonaje siku hizi. Akasema anaona vizuri.

Tukakamua shuka.

Akasema anaona ukungu. Tangu mvua zilipoanza. Moto wenyewe anauona – nani asiyeuona – lakini ule mstari wa kufuata, pale chuma kinapokutana na chuma, unampotea. Anafuata kwa mazoea. Kwenda kupimwa macho hataki. Anasema wakishaandika kwamba haoni, hataiona kazi tena.

Akaniomba nipunguze makali. Nisiseme uongo, hapana – nipitishe tu mashine haraka haraka nikifika kwake. Kwani nani atajua.

“Nilikubeba mgongoni,” akasema.

“Najua, dada.”

“Basi na wewe nibebe.”

Nguo zilikuwa nyingi. Tukaanika zote.

Jumatatu, 10 Machi

Mafundi walipoenda kula, Hariri alibaki. Akaniomba chaki yangu. Fundi kumwomba mkaguzi chaki – ni kama mbuzi kuomba kisu. Nikampa.

Akatembea kando ya kipande cha pili taratibu, anapapasa viungo kwa kiganja. Akatia alama kwenye vitatu. Vyote nilikuwa nimeshavipitisha. Kwa macho tu! Kanuni inaniruhusu: baadhi kwa mashine, vingine kwa macho. Na mashine nimekuwa nikiipeleka kwa wenye mishono ya hovyo. Wa Hariri nani aupime? Uzuri wake ulinitosha.

Nikapima. Viwili vibovu. Cha tatu kizima. Nilimwona akifurahi kidogo kwa hicho cha tatu.

Nikamuuliza kuhusu kipande cha kwanza, kile kilichokwisha kupandishwa. Akavua glavu. Akaivaa tena.

“Shemeji, ukungu ulianzia kwenye kile.”

Nikamwambia sina budi kumwambia Leoleo. Akasema atasema mwenyewe, mimi nisimame karibu tu. Nikauliza kama dada anajua anachofanya. Akasema dada yako ana mawazo yake, na macho ni yangu.

Mafundi wakarudi. Mmoja akaniuliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia anyamaze. Akashangaa sana.

Jumanne, 11 Machi

Hariri alisema. Maneno machache, kofia mkononi. Leoleo alianza kumsikiliza amesimama, akamaliza amekaa.

Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua? La pili hakuuliza, alitoa maelezo. Kipande cha kwanza kinazinduliwa Ijumaa, cha pili kitafuata. Wageni wameshaalikwa. Tuzindue kwanza, halafu tupime polepole.

Nikamwambia polepole ni neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nikamwambia pia kwamba saini yangu kwenye kipande cha kwanza naiondoa. Leo leo.

Alinitazama kama mtu aliyegongwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe. Tumepewa kesho, mchana mmoja. Jukwaa la mabomba lifungwe pembeni ya daraja, nipande nipime. Watu wasipande, mlinzi awekwe.

Hariri ameondolewa kwenye kuchomelea. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Hakuna aliyesema hajafukuzwa. Alishinda akipanga vipande vya chuma kwa ukubwa. Vilikuwa vimeshapangwa.

Nyumbani dada hasemi nami. Anawatuma mapacha: mwambieni mama mdogo chakula kiko mezani. Mimi niko mezani.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa juu ya jukwaa. Betri ya mashine imekufa. Leoleo amekwenda karakana kuleta nyingine, amesema anarudi sasa hivi. Safari hii hakusema leo leo.

Hariri yuko hapa na mimi. Ilibidi aje. Viungo vyake havina jina, yeye tu ndiye anayekumbuka vilivyo vyake. Tulipopanda nilikuwa nyuma yake, namwambia kanyaga, kanyaga, hapo. Hakuona haya. Au aliona, sikuuona uso wake.

Vingi ni vizima. Nilimwambia kila kimoja, naye kila mara akaitikia kwa kichwa kama anayesomewa matokeo ya mtihani. Kimoja kibovu. Vimebaki viwili, na hivyo viwili ndivyo vilivyoshika kichwa cha ngazi. Akaniuliza navionaje kwa nje. Nikasema vizuri. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Chini utepe wa kuzuia watu umeshakatika. Watu wanapanda ngazi mpya kupiga picha. Mlinzi anashusha hawa, wanapanda wale. Sasa hivi wako watatu, wawili wana sare ya hospitali.

Tumekaa tu. Amenieleza kwamba akipimwa macho atataka niende naye mimi. Dada atalia, na yeye hataki kumsikia mtu akilia mahali ambapo hamwoni vizuri. Nimesema nitakwenda.

Na huyo dada anakuja. Nimemwona akivuka barabara, amebeba hotpoti kwenye kitambaa. Kumbe ameamua kusema nasi, au angalau kutulisha. Hariri hamwoni. Kutoka hapa atakuwa doa la rangi tu. Lakini amemsikia akimsalimu mlinzi, na mlinzi, kwa adabu zake zote, amempisha mke wa fundi apite.

Mwanamke mmoja na hotpoti hawezi kuangusha daraja. Hata viungo vyote vingekuwa vimeoza. Mimi nalijua hilo. Hariri analijua kuliko mimi.

Amesimama. Ameshika bomba kwa mikono miwili. Huyu mtu sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu aje kumposa dada.

“Mama Pacha! Usikanyage hapo. Mimi ndiye niliyepachomelea.”

Barabara nzima imesikia. Mlinzi amesikia. Mmoja wa wale wenye sare ameshusha simu, anatazama miguu yake.

Dada ana mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza. Haurudishi, haupandishi. Hamtazami mumewe. Ananitazama mimi.