Chumba cha Pili

Hoyerswerda, 4 Machi 2003

Mwanangu Antje,

U hali gani, na baridi ya Stuttgart imepungua? Mimi mzima, ila goti tu linanisumbua.

Jengo letu litavunjwa mwezi wa tano. Tangu serikali ile ya Ujerumani Mashariki ianguke na migodi ya makaa ifungwe, watu wamehama mpaka kwenye ngazi yetu nimebaki peke yangu. Kile kibao cha zamu ya kuosha ngazi, kilichokuwa kikizunguka mlango kwa mlango, kila Jumamosi nakitoa mlangoni kwangu, nakitundika tena mlangoni kwangu. Ofisi ya nyumba inataka nichague pa kuhamia: chumba kimoja au viwili. Niambie ukweli, utarudi?

Mama yako

Stuttgart, 2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Samahani nimechelewa kujibu, kazi zimenibana. Chukua viwili. Pasaka nitakuja tuhame pamoja. Lile kabati zito usiliguse peke yako.

Mwanao Antje

Hoyerswerda, 12 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Pasaka imepita, na mayai ya sikukuu niliyokuchorea kwa nta, kama desturi yetu, nimewagawia majirani wapya. Nimeshahama. Chumba chako nimekitandika.

Usinicheke. Jumamosi nilirudi kule na ndoo, nikaosha ngazi za ghorofa zote tano. Msimamizi wa ubomoaji akanikuta.

"Bibi, una akili timamu kweli? Jumatatu hapa ni kifusi."

"Zamu ni zamu. Na wewe futa viatu."

Akafuta, maskini. Tulicheka sana. Nilipofika nyumbani nikalia, maana sikuwa na wa kumsimulia.

Andika upesi.

Mama yako

Stuttgart, 20 Septemba

Mama,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kimya hiki. Mimi na Holger tumenunua nyumba huku. Sitarudi, Mama. Nilijua tangu Machi. Nilikwambia viwili kwa sababu niliogopa kuandika kimoja. Njoo uishi nasi, nafasi ipo.

Mwanao

Hoyerswerda, 1 Oktoba

Antje wangu,

Mimi mzima, na goti limetulia. Hongereni kwa nyumba, msalimie Holger. Kuhamia huko siwezi, nitakuwa mgeni mpaka nife.

Jana nilikwenda ofisini kuomba chumba kimoja. Yule binti wa dirishani akaniuliza, "Mama, si ulisema mwanao anarudi?"

Nikamwambia ulirudi, ukakaa nami majira yote ya joto, ndipo ukaondoka. Sikutaka akufikirie vibaya.

Mama yako