Vazi la Mama la Kuogelea

Kaole, 14 Januari 2024

Mwanangu Adila,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo huko Maskati? Kile kifua kimeacha kukubana? Sisi huku wazima, shangazi yako Mwanamvua anakusalimu, na mdomo wake ni ule ule. Naandika kwa mkono kwa sababu ya haya masikio yangu. Kwenye simu nasikia mvumo tu, halafu najibu nisichoulizwa. Mina, mke wa jirani yetu Bwanausi, ataipiga picha karatasi hii akutumie, na majibu yako nitayasoma mwenyewe kwenye simu yake.

Lililonishikisha kalamu ni magoti. Huu mwaka wa pili nasali kwenye kiti. Wenzangu wanasujudu, mimi nimekaa kama mgeni anayesubiri chai. Sasa daktari wa viungo wa Bagamoyo mjini ameniambia niingie baharini kila asubuhi, nitembee maji yakiwa kifuani, yanibebee uzito. Kasema nikishikilia miezi mitatu huenda nikaweza kushuka chini tena. Sitaki kingine, Adila. Nataka nisujudu kama watu.

Basi nikaenda, na dera langu. Dera likajaa maji likapanda juu, nikilishusha mbele linapanda nyuma. Nilipotoka lilikuwa limenigandama mwili mzima, na pale walikuwepo vijana wanashona nyavu. Sikusikia walichosema, lakini meno niliyaona. Mwili wangu siuonei haya, marehemu baba yako aliupenda hivi hivi ulivyo, ila sikupewa ili utazamwe na Kaole nzima. Sirudi majini mpaka nipate vazi lake. Wewe unashinda dukani katikati ya nguo za wanawake. Nichagulie vazi la kuogelea la mtu mnene, linalositiri na linalompendeza aliyelivaa. Nisionekane gunia.

Mama yako


Maskati, 19 Januari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, alhamdulillah, kilichobaki ni uchovu wa kusimama. Nimecheka habari ya dera, kisha nikaona vibaya kwa kucheka. Wale vijana Mungu awape wake wenye magoti mabovu.

Mavazi yapo, mama. Wanawake wenye miili yao wanakuja hapa kila siku na mimi ndiye ninayewavalisha, kwa hiyo nayajua. Likibana linakukata mafungu mafungu. Likipwaya linajaa maji, limekuwa dera tena. Wewe linakufaa la suruali hadi vifundoni, na juu yake kanzu fupi yenye marinda yanayoanzia chini ya kifua, tumbo lisichoreke. Kitambaa kiwe kizito kidogo. Kifuani liwe na vikombe vyake ndani na mikanda mipana, maana ile myembamba itakukata mabega. Watu wanene wote wanakimbilia nyeusi, lakini kwa rangi yako ya maji ya kunde naona itakufaa zambarau iliyoiva.

Nahitaji vipimo vya kifua, kiuno na nyonga, na urefu kutoka begani hadi gotini. Mina akupime kwa futikamba. Usipunguze wala usiongeze, kwa sababu nguo ya kuogelea isipokukaa sawasawa ni kazi bure. Na akupige picha umesimama, nikuone.

Mwanao, Adila


Kaole, 20 Aprili 2024

Adila mwanangu,

Marahaba, na Idd njema ingawa imeshapita. Tumekula pilau kwa shangazi yako, chumvi imezidi, hakuna aliyethubutu kumwambia. Nisamehe kwa kimya. Mfungo wa safari hii umenichosha, hata daku lilikuwa halipandi.

Vipimo hivi hapa. Kifua inchi hamsini na mbili, kiuno hamsini, nyonga hamsini na nane, urefu arobaini na moja. Picha sikupigwa. Nina umri gani wa kusimamishwa ukutani kama najiandikisha kupiga kura? Unanijua. Ni mimi yule yule uliyeniacha uwanja wa ndege nimejaza mlango.

Zambarau nimeikubali. Shangazi yako anasema nimezeeka ndipo naanza urembo, nami nimemwambia ana wivu. Fanya haraka, mwanangu, baharini sijarudi na kwenye kiti bado nipo.

Mama yako


Maskati, 3 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Usingizi unapata? Chakula kimerudi? Umenitia wasiwasi na hilo neno la daku, lakini najua mfungo wa joto ulivyo.

Vazi nimelipata, na halikupatikana kirahisi. Dukani kwetu kubwa kabisa lilikuwa la nyonga inchi hamsini na nne. Nimezunguka maduka matatu, wananionyesha yale ya wasichana na kunishangaa. Mwisho nikarudi nikachukua hilo hilo letu, nikalifumua ubavuni na kutia kipande kila upande kwa mkono wangu, kwa uzi unaovutika. Nimeshona siku nne baada ya kazi. Marinda yameanguka vizuri mno, mama. Nimelivalisha mto nikasimama nalitazama kama mjinga.

Farhan wa Zinga anakuja likizo, nimempa alilete. Ukitoka baharini lisuuze kwa maji baridi ulianike kivulini. Ukivaa mara ya kwanza niambie siku hiyo hiyo.

Mwanao, Adila


Maskati, 7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Farhan amerudi, anasema mzigo alikukabidhi mkononi kabla ya Idd kubwa, na kwamba ulimpokea umekaa ndani, umejifunika mtandio. Hii ni barua ya tatu nakuandikia bila kupata jibu lako. Mina ananijibu maneno mawili tu, mama mzima. Nikimpigia shangazi, mtandao unakatika kila nikitaja jina lako.

Limebana? Rangi nimekosea? Niambie tu, nitalifumua tena. Silali, mama.

Adila, mwanao


Kaole, 9 Agosti 2024

Mwanangu, kipenzi changu,

Marahaba. Usiwalaumu Mina na shangazi yako, ni mimi niliyewaapisha.

Vazi halikubana. Limenipwaya. Vipimo nilikudanganya. Sikupima mwili, nilimpa Mina lile gauni nililokusindikizia uwanja wa ndege, akalipima hilo. Nguo zilianza kunilegea tangu Shaabani. Unakujua kwetu. Mtu akinenepa wanasema ana mtoto anayemtunza. Akikonda wanauliza huyo mtoto aliye Uarabuni anafanya nini. Niliona haya kwa ajili yako. Na nilijua ukisoma namba za kweli utaacha kazi. Nikadhani vazi litafika nimeshanenepa.

Lilipofika nililivaa chumbani. Vikombe vya kifuani vilisimama peke yake, mimi simo. Mina akakusanya kitambaa mgongoni kwa mikono miwili, akaanza kucheka, halafu akakaa kitandani akalia. Kesho yake akanipeleka hospitali, na kutoka hapo Dar. Kuna uvimbe kwenye ini, umeshaenea. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwa kuwa sisikii: "Hatutakata, mama. Tutakupunguzia maumivu." Nilimwambia ahsante.

Vile vipande vya ubavuni nimevipapasa sana. Umeshona vizuri. Ningekupa vipimo vya kweli usingeteseka siku nne, nisamehe. Rangi nayo umeipatia.

Kuna jingine, nami sijui nikwambie ufurahi au ulie. Magoti hayaumi tena. Uzito uliokuwa unayalemea umeondoka. Alfajiri ya leo nilikisogeza kiti pembeni, nikasali nimesimama, nikarukuu, nikashuka mpaka chini bila kushikwa na mtu. Nilikaa pale kwenye mkeka muda mrefu, namshukuru Mungu huku nalia, mpaka Mina akaja kuniangalia.

Usitume vazi jingine. Njoo wewe, usingoje mkataba uishe.

Mama yako