Kamba Niliyoiweka Stoo

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni pale kambini, juu kabisa ya Tetu, mahali mashamba ya chai yanapoishia na msitu kuanza. Wenzangu wanakula githeri. Mimi sahani yangu nimeiweka kando na karatasi iko juu ya goti, kwa hivyo nisamehe mwandiko.

Tumekuja wanane wa kujitolea, kama kila mwaka, kuiandaa kambi kabla watoto wa shule hawajafika Jumatatu. Tumefyeka nyasi, tumeanika magodoro, tumezibua mifereji. Lakini daraja la kamba juu ya korongo la mto lilikuwa kazi yako peke yako, na tangu ututoke limekuwa langu.

Unakumbuka ulivyoitunza kamba ile ya kukanyaga? Kila msimu ukiisha uliifungua, ukaifua, ukaibeba mgongoni hadi nyumbani na kuiweka chini ya kitanda chako. Tulikucheka sana. Hukukasirika. "Hii kitu inabeba watoto ya watu," ulisema. "Italala penye nalala." Na msimu ulipofunguliwa, aliyeifunga ndiye aliyevuka kwanza, kabla hata ya kuonja chai. Nilikuwa naziba macho hadi nisikie ukiniita kutoka ng'ambo.

Msimu uliopita nilikuwa nimechoka, Mama. Mvua ilikuwa inanyesha, na mteremko wa kwenda nyumbani ulikuwa matope matupu. Nikaiweka stoo, kwenye rafu ya juu, panya wasiifikie. Nikajiona mjanja.

Leo asubuhi niliifunga, nikavuka, wakanipigia makofi. Kisha binti yangu wa pili, huyu niliyempa jina lako, akataka kunifuata. Nikasita.

"Ati unaniogopea? Na niko na jina ya cucu?"

Akavuka akicheka. Alipofika katikati akasimama, akaruka mara tatu juu yake kunitania. Mawe ya kule chini unayajua.

Baadaye nilikwenda stoo kuchukua chokaa. Kwenye rafu ile, karibu kabisa na pale kamba ilipokuwa, kulikuwa na betri kuukuu ya sola. Ilikuwa imevuja. Ubao umeliwa na asidi, nikaugusa kwa kijiti, ukamomonyoka kama mkate uliolowa.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe sijawahi kukudanganya nikafaulu. Nilifikiria kunyamaza. Hapa wote wanauamini mkono wangu kwa kuwa mimi ni mtoto wako. Nikajiambia kamba imeshabeba watu wawili, si imebeba? Nikafunga mlango wa stoo. Nikageuka, nikamwona Gathogo, kiongozi wetu, ameshaweka mguu mmoja kwenye kamba.

"Shuka! Usikanyage!"

"Kwani iko nini? Si ni ile ya mama yako?"

"Ni hiyo. Na ni mimi nimeiharibu."

Tuliishusha. Gathogo akaipitisha vidoleni polepole, akafika mahali palipokuwa pamekaushwa na asidi, akapakunja bila hata kutumia nguvu. Ikakatika. Alikishika kile kipande kwa muda mrefu, kisha akaenda kunawa mikono.

Naogopa, Mama. Jumatatu siiogopi, kwa sababu sitafunga kamba nyingine na watoto watacheza uwanjani. Naiogopa asubuhi hii, ambayo imekwisha na hakuna aliyeumia. Nikifumba macho namwona amesimama pale katikati, anaruka, na mimi niko ng'ambo nacheka naye. Wenzangu wanasema twende Karatina kesho tutafute kamba mpya, na kwamba bado wananiamini. Ningependa waache kusema hivyo.

Muda mfupi uliopita binti yangu alikuja na sahani yake, akasimama mbele yangu.

"Mami, ningeanguka?"

Nilitafuta uongo mzuri, nikaukosa. Nikamwambia, "Ndiyo. Na ni mimi ningekuwa nimekuangusha."

Ameenda kukaa chini ya mti ule wa mbali, amenipa mgongo, anakula. Sijamfuata. Namwangalia tu akiinua kijiko na kukishusha, na sithubutu kupepesa macho.

Pumzika, Mama. Mimi bado sijaweza.

Kitindamimba wako,
Nyawira