Kwa Papa Déo, Kuhusu Lile Break la Kijani

Papa Déo,

Ni mimi, Yusufu. Miaka miwili imepita tangu tukuzike, na kaburini kwako nimefika mara moja tu. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ungali hai. Ndilo lililoniweka mbali.

Habari za karakana kwanza, maana najua ungeanza na hizo. Tumebaki na nusu ya nafasi. Nusu nyingine kachukua fundi wa mafriji. Magari ya zamani ya kuuza ni mawili: ile sedani nyeupe, ambayo kuiingiza ndani mpaka mtu asimame nyuma aongoze, na break moja la bluu, lile umbo refu lenye mlango wa nyuma wa mizigo, lililotoka Uswidi. Wapenzi wa magari ya Kimarekani bado wanakuja Jumamosi, wanalala kwenye saruji na tochi zao kutafuta kutu. Wengine wanauliza, yule mzee Mkongo yuko wapi? Nawaambia umepumzika.

Uliponichukua nilikuwa mlinzi kwenye ofisi moja pale Schuman. Kabureta sikuijua, ila Kiholanzi nilikuwa nacho, nawe kwa wateja ulikuwa na Kifaransa chako cha Bukavu tu. Ukasema wewe utashika spana, mimi nitashika maneno. Tangazo la kwanza nililoandika ulilifuta lote. "Usiandike 'safi kabisa'," ukasema. "Andika kwanza fasi iko kutu. Muntu anunue motokari akijua ugonjwa yake." Nilicheka. Kuanza na mahali penye kutu? Nilidhani hujui biashara.

Sasa hilo la kijani.

Lile break, gari la familia la silinda nane, refu kuliko chumba changu cha kwanza Ixelles. Lilifika bandarini Antwerp likiwa limeliwa na kutu chini kote. Ulilichomelea msimu mzima wa baridi. Mlango wa nyuma ulikuwa umeoza, na wa kununua hatukuupata popote, ukaukunja mwenyewe kwa bati na nyundo, ukaupiga msasa mpaka mkono ukiupitisha juu yake usihisi kitu. Kisha wanunuzi wakaanza kuja, na wewe ukaanza kuwakataa. Huyu anaendesha vibaya. Yule hana gereji, ataliacha kwenye mvua. Mwenye jengo akawa anatuhimiza tupunguze magari. Mimi nikachoka. Nisikufiche, Papa, nilichoka na wewe. Nikataka kuonyesha kwamba naweza kuuza kilichokushinda.

Yule kijana mwenye ndevu nyekundu aliyelinunua, nilikuambia ni mkusanyaji wa magari kutoka upande wa Gent. Haikuwa kweli. Yeye hakunidanganya. Alinieleza wazi, kwa Kiholanzi, wewe ukiwa umesimama hatua tatu tu kutoka kwetu: atatoa vioo, atachomelea milango isifunguke, halafu Jumapili ataliingiza kwenye uwanja wa matope ambako magari yanagongana mpaka libaki moja linalotembea. Alisema break ni zuri kwa mchezo huo kwa sababu lina nguvu nyuma. Mimi nikamwomba jambo moja, asikuambie.

Wewe ukamweka kwenye usukani. Ukamfundisha namna ya kuliwasha siku ya baridi, akanyage mafuta mara moja, asubiri, asilikimbize. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Kijana aliinamisha kichwa muda wote. Kisha ukampa kopo la nta, lile jipya, ukasema rangi ya kijani inapenda kusuguliwa kila mwezi. Alilipokea kwa mikono miwili na hakuniangalia.

Mwezi haukuisha. Mteja mmoja akaja na simu yake kutuonyesha video ya mashindano hayo, hakujua lolote, alitaka tu kutuchekesha. Gari lilikuwa limepakwa namba ubavuni, lakini ule mlango wa nyuma ulikuwa ni wako. Uliujua kabla yangu. Ulienda kwenye sinki ukanawa mikono, ukanawa muda mrefu, ukajifuta kidole kimoja kimoja.

"Yusufu, ulikuwa unajua?"

"Hapana, Papa."

"Bon, sawa."

Hukuniuliza tena. Ukaanza kuja siku mbili kwa wiki, halafu moja, halafu kifua kikakulaza hospitali kule Jette. Nilikuja kukuona mara mbili tu. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili ulikuwa umefumba macho, nikadhani umelala, ukaniuliza polepole, "Ile motokari, ilishinda?"

Nikasema sijui.

Nilijua. Nilikuwa nimetafuta ile video nyumbani nikaitazama yote, peke yangu jikoni. Papa, halikushinda. Lilikuwa la tatu. Yalibaki magari matatu, na la kwako lilikuwa limepoteza gurudumu moja la nyuma na bado linajikokota, mpaka likakwama kwenye tope injini ikiwa bado inanguruma. Ule mlango ulibonyea lakini haukung'oka. Ungefurahi kidogo kusikia hilo, naamini, na mimi nilikunyima hata hilo, kwa kuogopa ungejua ni kwa nini nilitazama. Siku nne baada ya swali lako, mke wako Maman Jeanne akanipigia simu kwamba umetutoka.

Mwezi uliopita nilienda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, nilipofika yakapotea yote, nikasema tu, nilijua, na nilimdanganya mpaka kitandani. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kuchambua.

Mwisho akasema, "Kusamehe si yangu. Ile ni ya Déo, na Déo hayuko. Lakini mtoto yetu Aline anakuja mu mwezi wa nane. Baba yake alimuandikia juu ya ile motokari kila juma, hata picha ya ule mulango alimutumia. Anafikiri iko kwa muntu anaipenda. Utamwambia wewe, na kinywa yako. Mimi siwezi kukubebea ile."

Halafu akanipa chakula. Nilikula.

Basi nakuaga, Papa Déo, fundi wangu. Pumzika kwa amani ya Mola. Sikuombi unisamehe, nimechelewa kwa hilo. Ninachokuahidi ni kimoja. Binti yako akitua uwanja wa ndege wa Zaventem, nitakuwa pale mlangoni nikimsubiri, na kabla hatujafika nyumbani atakuwa ameshayasikia yote kutoka kwangu, hata akiamua kushuka njiani.

Yusufu