Neno la Siri Nililolisahihisha

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika hivyo nikatulia kidogo, kwa mazoea ya kusubiri marahaba yako.

Kompyuta yako ya dukani Kisesa tumeifungua, lakini tumechelewa. Nakueleza ilivyokuwa, maana kosa ni langu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusumbua? Wewe unachapa barua za watu, mimi nazipitia kabla hujazitoa. Ulimi wako wa Kisukuma haukuelewana na r, na vidole vilifuata ulimi. "Baba, si balabala, ni barabara." Unacheka, unafuta, unaandika upya. "Haya mwalimu," unasema, "mashine yangu, Kiswahili chako." Na hiyo mashine ulikataa katakata kuibadilisha. Tulikuambia mfumo wake ulishatelekezwa na waliouunda, na programu yako ya kuchapia haikubali kuingia kwenye kompyuta za siku hizi. Ukatujibu kwamba mmezoeana.

Pale wodini ulinishika mkono. "Historia yangu nimeiandika mwenyewe, imo kwenye mashine. Isomeni kabla hamjanizika. Kuisema siwezi." Nikakuuliza neno la siri. Ukasema, "Balabala. Andika kama ninavyosema."

Ulipofariki tuliikuta mashine nayo haiwaki. Masanja, mdogo wangu, akachomoa diski akaiunganisha na kompyuta yake mpya. Faili likagoma. Akakaa kutwa nzima, waombolezaji wamejaa uani, akiusimika ule mfumo wa zamani ndani ya mpya, mpaka skrini yako ikatokea katikati ya yake, ndogo, na programu yako ndani. Nilipoiona nililia.

"Dada, neno la siri?"

"Barabara," nikasema.

Likakataa. Tukajaribu kwa herufi kubwa, tukajaribu jina la duka, la marehemu mama, majina yetu. "Faili limeharibika, dada," Masanja akasema. "Tuandike historia nyingine tu." Nikaiandika mimi, ukurasa mmoja, Kiswahili sanifu. Mchungaji akaisoma makaburini Kiseke: marehemu alijaliwa watoto wawili, na mimi ndiye kifungua mimba. Tukakuzika jirani na mama, tukajengea saruji.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Mtoto mmoja ameandika "balabala". Nikaikata l ya kwanza kwa kalamu nyekundu, halafu mkono ukagoma. Nilimpigia Masanja nikamwambia aandike "balabala".

Likafunguka.

Hii hukuniletea niisahihishe. Uliandika: "Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Kalekwa. Alifaliki ana miezi saba. Yuko Usagala, kwenye kiwanja chetu cha zamani. Mama yenu aliomba msiambiwe. Nizikeni kalibu naye. Mama yenu ana majilani wengi, mtoto yuko peke yake."

Wazee wa ukoo wamekataa kukufukua. Wanasema mtu akishalazwa ameshalazwa, na sina nguvu ya kubishana nao. Jumapili nilikwenda Usagara. Kiwanja kiliuzwa zamani, sasa kina mahindi ya watu. Mwenye shamba alinitembeza kwa upole, lakini hajui lolote, wala hakuna jiwe. Nilisimama kwenye matuta nikamwita dada yangu kwa jina, kwa sauti. Sikujua nilikuwa nimesimama karibu naye au mbali.

Baba, nina hasira na wewe kidogo. Ungeweza kuniambia. Halafu nakumbuka kwamba uliniambia.

Masanja anataka kuchapa nakala za historia yako kwa ajili ya ndugu. Aliniuliza kama nitaipitia kwanza. Nimemwambia asiguse herufi hata moja.

Nisamehe. Ulisema niandike kama unavyosema, na nilikusikia vizuri kabisa.

Ni mimi,
mwanao wa pili